Kadi ya ada ya dola 95 na bonasi ya pointi 75,000: mdogo wako achukue au aache?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mtanda, Lindi mjini, nalifupisha: "Kaka habari za Mtwara. Nina mdogo wangu yuko Houston anafanya kazi hospitali, anataka kuja Desemba kwenye harusi yetu. Ametumiwa ofa za kadi mbili za mkopo. Moja, Chase Sapphire Preferred ya benki ya Chase, ada yake ni dola 95 kwa mwaka na anapewa pointi 75,000 akitumia dola 5,000 ndani ya miezi 3. Nyingine ni ya shirika la ndege la Delta kupitia kampuni ya kadi ya American Express, mwaka wa kwanza bure alafu dola 150 kila mwaka, bonasi yake maili 50,000 akitumia dola 2,000 ndani ya miezi 6. Anasema tiketi itakua bure, na ili afikishe hio 5,000 atatumia kadi kututumia hela ya palizi na kupulizia mikorosho. Mama hataki kabisa kusikia neno mkopo. Mimi ndio naulizwa na pande zote mbili. Achukue ipi? Na benki zetu huku zina kitu kama hicho?"

Nzuri dada yangu, na hongereni sana kwa harusi. Ntakujibu kwa kirefu maana kazi yangu ni kukata tiketi hapa Mtwara na swali lako naletewa na watu wengi wenye ndugu huko nje, na wengi wanakuja wakati kijana ameshasaini fomu, wewe umewahi.

Jibu la haraka ni hili: achukue ile ya dola 95 kama ana uwezo wa kulipa bili yote kila mwezi, akae nayo mwaka mmoja, hela ya mikorosho asiitume kwa kadi hata senti moja, na tiketi ya Desemba ainunue kwa hela yake kupitia hio hio kadi wala asisubiri pointi (pointi ni alama za zawadi za benki, za shirika la ndege zinaitwa maili, zote zinaweza kulipia tiketi). Sasa nieleze kwanini, maana ukimpelekea jibu tupu bila hesabu atakubishia.

Naanza na mama, kwa sababu mama yuko sahihi kuliko mnavyomchukulia. Riba ya kadi za Marekani sasa hivi ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Chukua asilimia 22 kwa mfano, mtu akitumia dola 5,000 ili apate bonasi alafu asilipe, riba ya mwezi mmoja tu ni kama dola 92. Yaani mwezi mmoja wa kuchelewa unakula hela karibu sawa na ada ya mwaka mzima. Miezi sita akiwa analipa kile kiwango kidogo kinachoandikwa kwenye stetimenti, ile taarifa ya bili ya mwezi, zaidi ya dola 500 imeshaondoka na deni lenyewe halijapungua kitu cha maana, na hapo sehemu kubwa ya bonasi anayojisifia imeliwa na benki ile ile iliyompa. Kwahiyo kabla hatujagusa ada wala maili, swali la kwanza kwa mdogo wako ni hili, bili ikija huwa unalipa yote? Sio "nitajitahidi". Kama sasa hivi ana kadi nyingine yenye deni linalotembea mwezi hadi mwezi, mjibu aache zote mbili, amalize deni kwanza, na usome hapa chini kwa faida ya mwingine tu.

Ila akilipa yote kila mwezi kabla ya tarehe, riba ni sifuri. Hicho ndicho mama hajaelezwa, na usimlaumu, kwetu mkopo ni mkopo, unaanza kuhesabiwa siku unapochukua. Kule ukinunua dukani kwa kadi unapewa siku kama ishirini na kitu baada ya stetimenti bila riba yoyote, mradi umalize yote. Mwambie mama hivyo hivyo, kwamba mtoto hakopi hela ya kutumia, anapitisha kwenye kadi hela ambayo tayari anayo.

Watu wananiuliza sana, sasa benki inapata nini kumpa mtu pointi 75,000, si kuna mtego? Mtego upo ila sio uchawi, ni biashara. Kila mdogo wako akichanja kadi dukani, mwenye duka anakatwa asilimia kama 2 hivi na sehemu kubwa ya hio inaenda kwa benki iliyotoa kadi. Alafu wapo wengi wanaobeba deni na kulipa riba, hao ndio wanaowalipia wenzao tiketi. Na mashirika ya ndege yenyewe yanauza maili kwa mabenki kwa hela nyingi mno, mwaka 2020 wakati wa korona United walikopa dola bilioni 6.8 na dhamana waliyoweka ilikua ni mpango wao wa maili, MileagePlus, na Delta wakafanya vile vile kwa SkyMiles wakapata bilioni 9. Wakopeshaji hawawezi kutoa hela namna hio kwa kitu cha mchezo. Kwahiyo bonasi ni ya kweli kabisa, wanakupa wakitegemea kwamba mwaka wa pili, wa tatu, wa tano utaendelea kulipa ada kwa mazoea bila kupiga hesabu tena. Hapo ndipo mtu wa kawaida anapoliwa, kwenye ada ya mwaka wa tatu ya kadi iliyolala kwenye droo.

Tuje kwenye thamani. Pointi 75,000 za bonasi, na akitumia hizo dola 5,000 anapata angalau pointi 5,000 nyingine, jumla 80,000. Hizo akizigeuza hela taslimu benki inampa senti moja kwa pointi, yaani dola 800. Toa ada 95, inabaki 705. Hio ndio sakafu, chini ya hapo haendi hata akikosa ndege kabisa, na ndio maana naipenda hii kuliko ya pili, kwamba ana mlango wa kutokea. Akizihamishia kwenye mpango wa ndege anaweza kupata zaidi. Namna ya kupima ni rahisi: chukua bei ya tiketi ile ile kwa hela, toa kodi na chaji ambazo atalipa hata akitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Mfano tiketi ya Houston hadi Dar kwenda na kurudi ni dola 1,500, kwa pointi anatakiwa 80,000 na kodi dola 120, basi ni 1,380 gawanya kwa 80,000, inakuja senti 1.7 kwa kila pointi. Hapo amefanya vizuri. Lakini kama chaji ni dola 500, inashuka hadi senti 1.25, na kama chaji ni hio hio 500 na tiketi yenyewe ingepatikana kwa dola 1,000 basi imebaki senti 0.6 na ni bora achukue dola 800 zake taslimu anunue tiketi. Aipige hii hesabu kila mara, kwa ndege ile, kwa tarehe ile, asikubali kuambiwa na tangazo kwamba pointi zake "zina thamani ya hadi" kiasi fulani.

Na neno bure alitoe mdomoni. Kodi za viwanja vya ndege analipa, ada amelipa, na yapo mashirika yanayoongeza chaji yao wenyewe juu ya tiketi ya maili, Emirates wanajulikana kwa hilo. United kwa upande mwingine hawaongezi chaji ya mafuta kwenye tiketi za washirika wao, na washirika ndio hao Ethiopian na Turkish ambao wote wanatua Dar. Pointi za Chase zinahamia United, zinahamia pia Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, na KLM nao Dar wanakuja. Turkish wanaruka moja kwa moja toka Houston hadi Istanbul, kwahiyo kwa mtu wa Houston hio njia ni ya kubadili ndege mara moja tu.

Angalizo moja kubwa hapa, asihamishe pointi kabla hajaiona siti. Ukishahamisha kwenda United hazirudi benki. Nina mteja ambae ndugu yake alihamisha zote kwa furaha siku zilipoingia, akaenda kutafuta siti za likizo akakuta hamna, pointi zikakaa huko na mlango wa kuchukua hela taslimu ukawa umeshafungwa.

Sasa hela ya mikorosho, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hili ndilo litakalowaumiza nyie wa huku kuliko mwenyewe. Kutuma hela nje kwa kadi ya mkopo kupitia zile apu za kutumia hela, benki nyingi zinahesabu kama umetoa keshi. Ikihesabiwa hivyo yanatokea mambo matatu kwa pamoja. Anakatwa chaji, kwa kawaida asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa. Riba inaanza siku hio hio, zile siku za bure hazipo, na mara nyingi riba ya keshi iko juu kuliko ya manunuzi. Na la tatu linalouma zaidi, hio hela haihesabiki kwenye zile dola 5,000 za bonasi. Yaani akituma dola 600 za palizi na za kuwalipa vijana wa kupulizia, anapoteza dola 30 hapo hapo, riba inatembea, na kwenye bonasi amesogea sifuri. Hela ya shamba iendelee kutoka kwenye akaunti yake ya benki au kadi yake ya kawaida ya debiti kama zamani, wala msibadilishe mwezi wa kutuma kwa ajili ya kadi, maana salfa na ukungu wa mikorosho havisubiri stetimenti ya mtu.

Na ada yenyewe ya 95 nayo haihesabiki kwenye 5,000, asije akafika 4,920 akajua amemaliza. Wengi wanakosa bonasi kwa tofauti ndogo kama hio, au kwa kurudisha bidhaa dukani, hela iliyorudishwa inatolewa kwenye hesabu. Apite hadi 5,200 hivi alafu ndio atulie.

Basi atafikishaje? Kwa vitu ambavyo angelipa hata kama kadi isingekuwepo: chakula, mafuta ya gari, bima, simu, umeme. Kama matumizi yake ya kawaida yasiyo kodi ya nyumba ni dola 1,100 kwa mwezi, miezi mitatu ni 3,300, amepungukiwa 1,700. Na hapa ndio harusi yenu inaingia.

Umesema anataka kuja Desemba kwa pointi. Haitafanya kazi vizuri. Akiomba kadi leo, ana miezi mitatu ya kufikisha matumizi, bonasi inaingia stetimenti ikifungwa baada ya hapo, hesabu mwenyewe ni mwezi wa ngapi. Siti za maili zinafunguliwa karibu mwaka mmoja kabla ya safari na za Desemba zinawahiwa na Waafrika wote walioko Marekani wanaotaka kurudi Krismasi, siti za bei ya chini zinaisha mapema na zinazobaki bei yake inapanda vibaya. United walifuta jedwali la bei za maili mwaka 2019 na Delta walishafuta tangu 2015, kwahiyo hamna bei rasmi ya kumshikia mtu, siku yenye watu wengi wanaweza kuomba maili mara mbili ya siku ya kawaida. Akisubiri pointi anaweza kukosa harusi, na tiketi ya hela nayo itakua imeshapanda.

Afanye hivi. Tiketi ya Desemba ainunue mapema kwa hela aliyojiwekea, lakini ailipie kwa kadi mpya. Dola 1,700 ya tiketi inaingia kwenye 5,000, ule upungufu umezibika bila kununua kitu kisicho na maana, tiketi yenyewe inampa pointi, na hio kadi ina bima ya safari ikichelewa na ya mabegi kuchelewa, ambayo kwa mtu anayebadili ndege na kuwa na mizigo ya harusi sio kitu kidogo. Stetimenti ikija analipa yote na hela ile aliyojiwekea. Bonasi ikiingia baadae anaitunzia safari nyingine, labda ya kumpeleka mama akamtembelee au yeye kuja mwezi mwingine usio na msongamano kama wa Desemba. Kama hana hio 1,700 mkononi, basi hana uwezo wa kadi hii kwa sasa, na sio aibu, ni hesabu tu.

Ya Delta sijaipuuza. Dola 2,000 ndani ya miezi 6 ni rahisi kufikisha, na mwaka wa kwanza bure. Tatizo ni kwamba maili za Delta zimefungwa kwa Delta na washirika wake, akikosa siti hana pa kwenda, kuzigeuza hela haiwezekani, tofauti na zile za Chase. Faida yake kubwa ni begi la kwanza bure kwenye ndege za Delta, nzuri kwa mtu anayezunguka ndani ya Marekani, ila tiketi nyingi za kuja Afrika tayari zina begi ndani yake, kwahiyo asiihesabu mara mbili. Na Houston ni kituo kikubwa cha United, Delta atalazimika kuunganisha Atlanta au kwingine kabla hata hajavuka bahari. Angekua Atlanta ningekujibu tofauti.

Kuchukua zote mbili kwa wakati mmoja? Hapana. Kila ombi linaingia kwenye rekodi yake ya mikopo na linakaa miaka miwili, na Chase wana utaratibu wao, ukiwa umefungua kadi tano au zaidi kokote ndani ya miezi 24 wanakukatalia. American Express nao bonasi ya kadi moja kwa kawaida wanampa mtu mara moja tu maishani, kwahiyo hio ya Delta haina haraka, ofa huwa zinapanda na kushuka, anaweza kuichukua siku bonasi imepanda.

Mwaka wa pili sasa, na hapa ndio penye hela. Bonasi inakuja mara moja, ada inarudi kila mwaka. Kwahiyo mwezi wa kumi na mbili tangu aichukue kadi apige hesabu mpya kana kwamba bonasi haikuwahi kuwepo. Tuseme anatumia dola 12,000 kwa mwaka. Zipo kadi zisizo na ada zinazorudisha asilimia 2 kwa kila kitu, kama Wells Fargo Active Cash au Citi Double Cash, hapo ni dola 240 safi. Sapphire inampa pointi moja kwa dola kwenye vitu vingi, 3 kwenye migahawa, 2 kwenye safari, tuseme zimefika 16,000, kwa senti moja ni dola 160, toa 95 inabaki 65. Hata ukizipandisha hadi senti 1.7 kwa pointi ni 272, toa 95, inabaki 177, bado 240 imeshinda. Kwa mtu asiyesafiri kila mara na asiyekula mgahawani sana, kadi ya ada mwaka wa pili ni hasara. Wanampa pia dola 50 ya hoteli kila mwaka lakini ni lazima alipie hoteli kupitia mtandao wao, aihesabu kama kweli ana usiku wa kulala hoteli, sio atafute hoteli ili asipoteze 50.

Asiifunge kabla ya mwaka kuisha. Ada ya mwaka wa pili ikionekana kwenye stetimenti kwa kawaida ana kama siku 30 za kupiga simu na ikarudishwa. Apige, aombe ibadilishwe iwe kadi ya Chase isiyo na ada, Freedom, akaunti inabaki na umri wake na rekodi haichafuki. Ila ajue kadi isiyo na ada peke yake hairuhusu kuhamisha pointi kwenda kwenye ndege, kwahiyo kabla ya hio simu awe ameshaamua pointi zilizobaki zinaenda wapi. Na asizirundike tu miaka, maili sio akiba, zinakaa kama korosho kwenye ghala lenye unyevu, kila mwaka zinapungua thamani na mwenye ghala hakupigii simu.

Kitu kingine ambacho ofa haitamwambia, maili zinamfikisha Dar, kuja huku ni juu yake. Air Tanzania hawapo kwenye muungano wowote wa yale mashirika makubwa, kwahiyo kipande cha Dar hadi Mtwara ni tiketi ya kununua kwa hela, alafu kutoka hapa hadi Lindi ni barabara, zaidi ya kilomita 100. Akate tiketi mbili tofauti na aache nafasi ya kutosha katikati, bora alale Dar usiku mmoja, maana ndege ya kimataifa ikichelewa ya ndani haimsubiri na mzigo unaoruhusiwa ndani ni mdogo kuliko wa nje, wale wa mabegi mawili makubwa wanalipia uzito hapo hapo. Au apande basi toka Dar, anashuka Lindi moja kwa moja bila kupita kwetu Mtwara, ila kwa msimu wa mvua mfuatilie habari za barabara, mnakumbuka Mei 2024 kule Somanga ilivyokatika. Alafu aje na keshi au ajiandae na hela kwenye simu, kadi yake haina makato ya kutumia nje ya Marekani na hilo ni zuri, lakini muuza samaki wa Lindi hana mashine ya kadi.

Swali lako la mwisho, benki zetu. Kadi nyingi tulizonazo mifukoni huku ni za debiti, unatumia hela yako mwenyewe, na bonasi za kujiunga za ukubwa huo hazipo. Ukienda benki ukapewa kadi ya mkopo yenye ada, uliza ada kwa shilingi, riba kwa mwezi, na pointi zinageuka nini, wakishindwa kukujibu hilo la tatu kwa namba rudi nyumbani. Kitu unachoweza kufanya leo bila shilingi ni kujiunga na mipango ya ndege yenyewe, kujiunga ni bure, ShebaMiles ya Ethiopian, Skywards ya Emirates, Asante Rewards ya Kenya Airways, na ukisafiri uwape namba yako wakati wa kukata tiketi. Mama naye muandikishe kabla hajasafiri kwenda Houston, safari moja tu ya kwenda na kurudi inamuwekea maili zake mwenyewe, jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, na za Skywards zinakaa miaka mitatu tu.